Wasichana wa Lubumbashi na raga ya kuangushana wakati wa likizo

Anayependekeza kwamba wasichana wa shule za sekondari za Lubumbashi wafundishwe raga ya kuangushana, yaani ile ambayo mwenye mpira hukabwa na kuangushwa chini, wakati wa likizo hupewa majibu mawili, na kwa kawaida hutolewa kwa pumzi moja kana kwamba ni jibu moja: mchezo huo haumfai mtoto wa kike, na tena utamvunja. Yafaa yatenganishwe. La kwanza mji huu umekwisha kulijibu wenyewe, kwani Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe, klabu yetu ya kandanda, iliifunga AS FAR ya Morocco bao 1-0 katika fainali na kutwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, wala sijamsikia mtu wa Kamalondo, mtaa wa klabu hiyo, akitaka kombe hilo lirudishwe kwa sababu limeletwa na wanawake. La pili ndilo linalostahili kushughulikiwa kwa makini.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaihukumu raga bila kuijua, ingawa iko jirani kabisa. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni kilomita tisini hivi, na ukivuka mpaka unaingia katika Ukanda wa Shaba wa Zambia, ambako migodi ilizaa klabu za raga: Nkana na Diggers mjini Kitwe, Mufulira Leopards, na Roan Antelope ya Luanshya, ambayo nguzo zake za goli, zenye urefu wa zaidi ya mita 33, husifiwa kuwa ndefu kuliko zote duniani. Udongo ni uleule na shaba ni ileile. Tofauti ni kwamba wao walitawaliwa na Waingereza na sisi na Wabelgiji, nasi tukabaki na kandanda. Kwa hiyo mzazi wa Lubumbashi huiona raga kwa mara ya kwanza kwenye simu, katika dakika moja iliyochaguliwa kwa sababu ya ukali wake, wanaume wa kilo mia moja wakigongana. Nisingemlaumu akikataa kutia sahihi.

Wanaopinga wana hoja, na hoja yao ina wenyewe wenye elimu. Mwaka 2016 madaktari na wanazuoni zaidi ya 70 waliandika barua ya wazi kwa serikali nchini Uingereza wakitaka kuangushana kuondolewe katika raga ya shuleni. Madaktari wakuu wa serikali hawakukubaliana nao, lakini jambo moja katika barua ile halijapata kujibiwa vizuri: katika shule nyingi mtoto huchezeshwa raga kwa sababu iko kwenye ratiba, akiwa na umri ambao hawezi kupima hatari anayoingizwa. Nalikubali lote, na ndiyo sababu naona likizo ni mahali panapofaa kuliko muhula wa masomo. Katika likizo hakuna alama, hakuna prefe, yaani mkuu wa shule, wa kuogopwa, na msichana asiyeupenda mchezo siku ya tatu hubaki nyumbani bila kuulizwa.

Kwetu kuna hoja nzito kuliko hiyo, ambayo madaktari wale hawakuwa na haja ya kuitaja kwa kuwa nchini mwao matibabu hayalipiwi mlangoni mwa hospitali. Familia nyingi za mitaa kama Katuba au Ruashi hazina bima ya afya. Mtulinga ukivunjika, picha, plasta na dawa hutoka mfukoni mwa mzazi, na si jambo geni katika nchi hii mgonjwa aliyekwisha kupona kuzuiliwa hospitalini mpaka ndugu wakamilishe malipo. Mama anayesema «nani atalipa?» hana ushamba wowote. Ameuliza swali ambalo mwandaaji wa mafunzo alipaswa kuja na jibu lake kabla ya kuja na mpira.

Hata hivyo, wengi wakifika hapo hukimbilia suluhisho linaloonekana kuwa la busara: wasichana wacheze raga ya kugusa tu, ambayo mwenye mpira huguswa badala ya kuangushwa, na kuangushana waachiwe wavulana. Ni hapa ninapotofautiana nao, kwa sababu wanadhani kufundisha kuangushana ni kufundisha kugongana. Sehemu kubwa ya somo hilo ni kuanguka. Wanafunzi huanza wakiwa wamepiga magoti, wawili wawili, polepole. Anayekaba hujifunza kuweka kichwa pembeni ya nyonga ya mwenzake, kamwe si mbele yake, kugusa kwa bega na kufunga mikono yote miwili. Anayeangushwa hujifunza kubana kidevu kifuani, kutua kwa paja, kisha nyonga, kisha bega, bila kunyoosha mkono kuikinga ardhi, kwani mkono ulionyooshwa ndio unaopeleka pigo kwenye mtulinga. Baada ya siku kadhaa husimama, baadaye hutembea, na mwisho kabisa ndipo hukimbia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, huko Wales, waliwafuatilia wachezaji wanawake wa raga na kuona kwamba mara nyingi kichwa kilichoumia hakikugongwa na mtu, bali kilirushwa nyuma kwa nguvu, shingo ikashindwa kukizuia, kikagonga chini. Maelezo yao yalinigusa: wanaume wengi walijifunza kuangushwa tangu utotoni, ilhali wanawake wengi huupata mchezo ukubwani, wakatupwa uwanjani pamoja na waliotangulia. Tukiwapa wasichana raga ya kugusa mpaka wafike miaka 18, kisha klabu ikawaita, tutakuwa tumeiahirisha hatari hadi siku watakapokuwa wazito zaidi, wenye kasi zaidi, na bado hawajui kuanguka. Kinachoitwa tahadhari hapo ni kumhamishia mtu mwingine tatizo.

Kuna takwimu moja ambayo watetezi wa raga hupenda kuitaja, nami naipenda pia, ndiyo maana naikagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu mazoezi ya kupasha mwili moto yaitwayo Activate, yanayochukua kama dakika ishirini na kuimarisha miguu, kiwiliwili na shingo, ulionyesha kwamba timu zilizoyafanya angalau mara tatu kwa wiki zilipata majeraha machache kwa asilimia 72 katika mechi, na mitikisiko ya ubongo michache kwa asilimia 59. Ni nambari za kushangaza, lakini waliopimwa walikuwa wavulana wa miaka 14 hadi 18 katika shule za Uingereza, wanaocheza kwenye nyasi. Inawezekana pia kwamba kocha mwenye nidhamu ya kufanya mazoezi mara tatu kwa wiki ana nidhamu katika mambo mengine. Hata nikipunguza asilimia hizo nusu kwa wasiwasi wangu, bado nabaki na jambo lisilohitaji mashine wala fedha, linalojenga shingo ileile ambayo watafiti wa Swansea waliiona ikishindwa. Mafunzo ya wasichana yasiyo na mazoezi hayo yasipewe kiwanja.

Nyasi ndizo zinazonikosesha usingizi. Likizo kubwa ya Julai na Agosti huangukia katikati ya kiangazi, wakati mvua imekatika tangu Aprili na udongo mwekundu wa viwanja vyetu umekuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Kumwangusha mtoto hapo, hata kwa ufundi kamili, ni kosa. Anayetaka kuiga ratiba za Ulaya, ambako likizo ya kiangazi ina nyasi laini, ataumiza watoto na kuua mchezo mwaka huohuo. Ningependa Julai itumike kwa kukimbia, kupasiana, kugusa na kujifunza kuanguka juu ya magodoro au mchanga, na kuangushana kwenyewe kusubiri likizo ya Pasaka, mvua zinapoishia na ardhi bado ina unyevu. Likizo hiyo ni fupi, na mvua yaweza kula siku kadhaa. Nakubali hasara hiyo.

Faida kwa wasichana sitaieleza kwa ndoto za kulipwa. Ni kweli kwamba fainali ya Kombe la Dunia la raga la wanawake mwaka 2025 huko Twickenham, London, ilitazamwa uwanjani na watu 81,885, lakini kati ya timu 16 Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake, na barabara ya kutoka Ruashi hadi huko ni ndefu. Faida ninayoiona iko karibu zaidi. Wakati wa likizo kila kiwanja cha vumbi mjini hujaa wavulana, huku dada zao wakiwa katika soko la mtaa wetu wa Kenya pamoja na mama zao au kwenye foleni ya maji. Na msichana mnene, ambaye katika kandanda huwekwa golini au nje kabisa, ndiye anayetafutwa kwa ajili ya mstari wa mbele wa skramu, pale timu mbili zinaposukumana kugombea mpira.

Linabaki suala la baada ya jeraha. Mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, kwa wachezaji wa kawaida ni kwamba aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Kwa mafunzo ya wiki mbili maana yake ni kwamba ameyamaliza, na kocha hana nafasi ya kushawishika kumrudisha mapema. Lakini kocha hafuati mtoto nyumbani, na nyumbani kuna dumu la lita ishirini linalosubiri kubebwa kichwani asubuhi ileile. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa inapaswa kueleza mambo mawili waziwazi kabla ya sahihi: ni nani atakayelipia picha na daktari, na kwamba msichana aliyegonga kichwa hatachota maji mpaka daktari aseme.