Masikio Hulelewa na Mtaa

Mjadala wa muziki katika mabaraza ya Tanga huwa na pande mbili, na kila upande una yakini kwamba unazungumzia ubora. Mwenye mvi husema kuwa muziki ulikwisha siku bendi za magitaa zilipovunjika. Kijana hujibu kuwa nyimbo za zamani ni ndefu, hazichangamshi, na maneno yake yanahitaji mkalimani. Kwa maoni yangu, wote wawili wanatetea miaka yao wenyewe. Mapenzi ya muziki huanza kwa kusikia yale ambayo mtu hakuyachagua, hukua kwa kuyapa kisogo, na kwa wengi wetu wa pwani hukomaa pale maisha yanapotufafanulia maneno tuliyoyaimba utotoni bila kuyaelewa. Hatua ile ya kwanza ndiyo inayonitia wasiwasi siku hizi.

Kwamba masikio hufundishwa mapema kumethibitishwa hata na wataalamu. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kuwa mtu akikutana na kitu mara kwa mara huelekea kukipenda, bila ya kushawishiwa na yeyote. Mwaka 2005 Erin Hannon na Sandra Trehub walichapisha matokeo ya kuwasikilizisha watoto wachanga wa Amerika ya Kaskazini muziki wa nchi za Balkani, ambao mapigo yake hayagawanyiki sawasawa kama ya muziki waliouzoea wazazi wao. Watoto wa miezi sita waliweza kutambua pale mapigo yalipovurugwa, jambo ambalo watu wazima wa huko walishindwa. Waliofikisha mwaka mmoja walikuwa tayari wameanza kuwa kama wakubwa wao, ingawa kusikilizishwa muziki ule kwa muda mfupi kuliwarudishia uwezo huo. Maana yake ni kwamba mtoto huzaliwa na masikio yaliyo wazi kwa kila kitu, kisha mazingira yanayomzunguka huamua ni mlango upi utabaki wazi na upi utafungwa.

Sasa fikiria mtoto aliyekulia Ngamiani, hapa Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, ambako nyumba zimebanana na baraza la mmoja linatazamana na la mwenziwe. Alisikia dufu za maulidi, kasida za chuoni, ngoma za harusi, na redio ya jirani ambayo hakuna aliyemwomba jirani aipunguze. Mkonge ulikuwa umeleta watu kutoka kila pembe ya nchi, nao walikuja na nyimbo zao. Bendi ya Jamhuri Jazz, mpinzani mkubwa wa Atomic Jazz, bendi nyingine ya dansi ya Tanga, ilianza kwa jina la Young Nyamwezi, jina ambalo peke yake linakueleza mji huu ulikuwa wa nani. Katika hali hiyo hiyo ya kuchanganyika ndipo vikundi vya taarabu vya Tanga, Black Star na baadaye Lucky Star, vilipoachana na okestra kubwa ya Kiunguja yenye fidla nyingi na mwelekeo wa Misri, vikashika magitaa ya umeme, vikawa vidogo na vyepesi, na mapigo yake yakakaribia dansi. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016, aliimba katika vikundi vyote viwili, na sauti yake iliwafikia watoto ambao hawakujua hata jina lake, kwa sababu ilitoka dirishani mwa mtu mwingine. Hakuna mzazi aliyekaa akapanga kwamba mwanawe aipende taarabu. Ilimwingia tu.

Lakini kuingiwa na sauti si kuelewa wimbo, na hapa ndipo taarabu inapotofautiana na aina nyingi za muziki zinazochunguzwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Mtoto huijua taarabu kwa sauti yake: kinanda kinachotangulia, mwimbaji anayechelewa kuingia, kibwagizo ambacho wanawake wote wanakiitikia. Humwona shangazi yake akiinuka katikati ya wimbo, akaenda kutunza huku noti akiipeperusha, macho yake yakimtazama mwanamke wa safu ya tatu na si mwimbaji, kisha ukumbi mzima unapiga vigelegele. Mtoto hucheka pamoja na wengine. Hajui kwamba ubeti ule umemsema mtu, wala kwamba shangazi ameununua ubeti huo kwa noti moja ili usemwe kwa niaba yake. Miaka hupita, anaolewa au anaoa, anaonja wivu, anaachwa au anaacha, anajifunza kusoma kanga ya jirani na kujua imevaliwa kwa ajili ya nani. Siku moja wimbo ule ule unapigwa na mafumbo yanafunguka yenyewe. Muziki haukubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni msikilizaji. Nimewasikia watu wazima wengi wakisema kwamba walianza kuipenda taarabu ukubwani, nami huwa nawabishia kimoyomoyo, kwa kuwa naamini waliipenda mapema sana ila walikuwa hawajapata la kuipendea.

Katikati ya hatua hizo mbili kuna ujana, na ujana una haki yake. Ili mtu awe na muziki wake, hana budi kuukataa wa nyumbani kwao, angalau kwa muda. Vijana wa miaka ya 1990 walipata taarabu ya kisasa yenye vijembe vya waziwazi, ambayo wazee wao waliiona haina staha kwa kuwa haikujificha nyuma ya mafumbo. Ikaja redio ya FM, ikaja bongo fleva, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasanii wa kundi la Wagosi wa Kaya wakatoka Tanga wakiimba kero za wananchi kwa lafudhi ambayo Dar es Salaam ilikuwa imezoea kuicheka. Kwa kijana wa Makorora au Mabawa, kusikia lafudhi ya kwao ikitamba nchi nzima kulikuwa na uzito ambao hakuna mzee angeweza kumpa kwa kumsifia santuri za zamani. Huo ndio muziki ambao leo, akiwa na watoto, anauita muziki wa kweli.

Morris Holbrook na Robert Schindler, katika utafiti walioutoa mwaka 1989 kwa kutumia nyimbo zilizovuma Marekani kati ya 1932 na 1986, waliona kuwa mapenzi ya mtu hufikia kilele kwenye nyimbo zilizotamba alipokuwa na umri wa karibu miaka ishirini na minne. Nakubali kwamba jambo hilo linaeleza ugomvi mwingi wa barazani. Hata hivyo nina shaka kama linatosha kumweleza msikilizaji wa taarabu, ambaye kilele chake cha kuhisi kinaweza kuwa ujanani ilhali kilele chake cha kuelewa kinakuja baada ya ndoa ya pili. Muziki unaotegemea maneno yaliyofichwa humlipa msikilizaji kwa kuchelewa, na sioni jinsi ya kulipima hilo kwa mwaka wimbo ulipotoka.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Carol Ann Krumhansl na Justin Zupnick, uliochapishwa mwaka 2013. Waliwapa vijana wa Kimarekani nyimbo za miongo mingi, wakakuta kwamba vijana hao, mbali na nyimbo za wakati wao, walikuwa na mapenzi ya pekee kwa nyimbo za wakati wazazi wao walipokuwa vijana, na hata dalili ya zile za wakati wa babu na bibi zao. Maelezo yake ni mepesi: mzazi hupiga nyimbo alizozipenda, na mtoto yumo chumbani. Ndiyo maana utakuta binti aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anaitikia kibwagizo cha zamani harusini bila kukosea, kisha akakuambia hapendi taarabu.

Sharti la yote hayo ni mtoto kuwemo chumbani kwa masikio yake pia. Simu na hedifoni vimeliondoa sharti hilo kimyakimya. Katika nyumba moja leo baba anasikiliza mawaidha, mama ana tamthilia yake, kijana ana singeli inayokimbia kuliko moyo wa mkimbiaji, na hakuna anayemsikia mwenziwe. Programu ya simu nayo humletea kijana kile kinachofanana na alichokipenda jana. Sina ugomvi na singeli. Ni muziki wa uswahilini uliojizalia wenyewe, na nusu ya maneno yanayosemwa dhidi yake yaliwahi kusemwa dhidi ya magitaa ya Tanga. Ugomvi wangu ni na mtoto kuchaguliwa kila kitu na mapenzi yake ya jana, akafika ukubwani bila akiba ya nyimbo asizozielewa.

Wapo pia wanaouacha muziki kabisa umri unapokwenda, wakirudi kutoka hija au hata kabla ya kwenda, wakabaki na kasida. Sitawajadili kwa kirefu, kwani hilo ni suala la dini na dhamiri, ila nitasema kwamba sauti wanayorudia mara nyingi ni ile waliyoianza chuoni kabla hawajajua kuchagua.

Najua hoja ya upande wa pili: zamani ile ilikuwa na kelele, na si kila jirani alipiga kitu kizuri. Ni kweli, na mgonjwa au mwanafunzi wa mtihani ana haki ya kuwa na utulivu. Sidai spika zirudishwe madirishani. Nadai tu kwamba redio ya sebuleni iachwe ikiimba wakati wa chakula, mwenye nyumba apige anachokipenda bila kuomba radhi, na kijana naye apewe zamu yake ya kupiga singeli mbele ya bibi yake.