Pijama ya mtoto: moto upande huu, dawa upande ule

Mzazi wa Dar akiuliza wapi atapata nguo ya kulalia ya mtoto isiyotiwa dawa ya kuzuia moto, tena kwa bei anayoimudu, jibu la kwanza huwa kicheko. Ataambiwa huo ni uzungu. Watoto wa Buguruni wanalala na singlendi na chupi, na joto la Januari lenyewe halitaki pijama. Akikutana na mjuaji zaidi, ataulizwa mbona mwanawe analala kila usiku ndani ya chandarua chenye dawa na hajawahi kulalamika. Ni maswali ya haki. Ila kwa maoni yangu, kati ya hao wawili, anayeuliza ameifuatilia habari hii kuliko anayecheka.

Tuanze na wenye hoja ya moto, maana hawasemi uongo. Pamba ikishika moto haina subira, hasa ikiwa nyepesi, imelegea, au ina manyoya juu kama flaneli. Gauni la kulalia likigusa mshumaa upande wa pindo, ule mwali unapanda juu kabla mtoto hajajua akimbilie wapi. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliweka masharti makali kwa nguo za kulalia za watoto, na Uingereza ina kanuni zake za mwaka 1985. Sasa linganisha nyumba za huko na nyumba ya kupanga ya Manzese, jiko la mkaa kwenye korido, jiko la mchina pembeni, watoto wanapita katikati. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo la namna hiyo linakuonyesha tu jinsi moto wa wazi ulivyo bado jirani wa mtoto.

Lakini masharti yale ya Marekani yalizaa kitu ambacho hapa hakisimuliwi. Ili nguo zifaulu jaribio la moto, viwanda vilizitia dawa iliyoitwa Tris. Januari 1977 wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames waliandika katika jarida la Science kwamba dawa hiyo inaharibu vinasaba na huenda ikaleta saratani. Aprili mwaka huohuo serikali ikaipiga marufuku katika nguo za watoto. Mwaka uliofuata Blum na wenzake wakaonyesha kwamba watoto waliovaa pijama hizo walikuwa na mabaki ya dawa hiyo kwenye mkojo. Dawa ilikuwa inatoka kwenye kitambaa, inapita kwenye ngozi, inaingia mwilini, mtoto amelala zake.

Halafu ikaja sehemu inayonikera zaidi. Nguo zilizokwisha kutiwa Tris hazikuchomwa zote. Kwa kuwa hazikuruhusiwa tena kuuzwa kwao, wenye mali wakaanza kuzisafirisha nje, hadi mwaka 1978 serikali ya Marekani ilipozuia na hilo pia. Kwa miezi kadhaa, basi, nguo iliyoonekana sumu kwa mtoto wa Ohio ilikuwa biashara halali kwa mtoto wa nchi nyingine. Mtu anayeishi katika jiji linalovishwa na mabelo ya mitumba ana kila sababu ya kuuliza kilichomo kwenye kitambaa. Kumwita mwoga ni kumwonea.

Na chandarua je? Dawa ya chandarua imepimwa kwa kazi hiyo, haivaliwi mwilini, na inapambana na malaria, ugonjwa unaoua watoto wetu kweli. Mzigo upo na faida ipo, unaiona. Pijama yenye dawa nayo ipimwe kwa mizani hiyohiyo: inamkinga mtoto wa Dar na nini hasa?

Ukiingia wodi ya majeruhi wa moto katika hospitali zetu kubwa, watoto wadogo waliolazwa wengi hawakushikwa na mwali. Walimwagikiwa. Maji ya kuoga yaliyoachwa kwenye ndoo, chai ya chupa, uji, sufuria ya maharage iliyovutwa kwa mpini. Tatizo hilo linajulikana na madaktari wetu miaka nenda rudi, na hakuna dawa ya kitambaa inayozuia uji. Tena nguo iliyolowa maji ya moto ndiyo inayoendelea kuunguza mpaka ivuliwe. Mzazi akiwa na fedha kidogo ya usalama, jiko lililoinuliwa kutoka sakafuni litamfaa mwanawe kuliko pijama yoyote.

Kuna na suala la kufua, ambalo watetezi wa dawa hawaligusi. Pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto ina masharti yake: usitumie sabuni ya kawaida, usitumie jiki. Sabuni ikikutana na maji magumu inaacha utando kwenye nyuzi, na utando huo unaidhoofisha ile kinga. Sisi tunafua na nini? Sabuni ya mche, kwa maji ya kisima yenye chumvi ambayo hata povu hayataki, na nyeupe zote zinapitishwa kwenye jiki. Kwa ufuaji huo, kinga iliyouzwa haitadumu. Mzazi atakuwa amenunua wasiwasi wa dawa bila kupata faida yake.

Hapa lakini niwarudi kidogo na wanaoogopa dawa. Wengi wanadhani kila pijama ya poliesta imetiwa sumu. Sivyo. Poliesta haishiki moto upesi kama pamba, inayeyuka na kudondoka, na nguo nyingi za watoto hufaulu jaribio kwa asili ya uzi wenyewe bila kuongezwa kitu. Kasoro yake kwetu ni joto na vipele, na ikiyeyuka inaganda kwenye ngozi.

Kosa la pili liko kwenye lebo. Pale soko la mitumba la Karume, ukikuta pijama ya Uingereza yenye lebo ya maandishi mekundu inayosema iwekwe mbali na moto, usiitupe ukidhani ina kemikali. Lebo hiyo ikiwa peke yake inamaanisha nguo haijathibitishwa kufikia kipimo cha kuzuia moto, kwa hiyo hakuna sababu ya kuitia dawa. Ya Marekani nayo, ikiwa shingoni imeshonwa maneno kwamba ivaliwe ikibana na haizuii moto, ni habari njema kwa mzazi wetu anayeuliza. Tangu 1996 Marekani yenyewe imeruhusu pamba isiyotiwa dawa, mradi nguo ibane mwili, au iwe ya mtoto wa miezi tisa kushuka chini. Wameona kwamba nguo isiyopepea haigusi mwali kirahisi na haina hewa ya kuuchochea. Umbo la nguo limefanya kazi iliyokuwa inafanywa na dawa.

Kwangu mimi jibu la bei nafuu liko hapo, na Dar tunalo tayari. Kwa bei ya pijama moja ya madukani Mlimani City huenda ukapata doti ya khanga Kariakoo na hela ya fundi wa kuishona pijama isiyopepea. Hakikisha tu ni pamba. Chomoa uzi mmoja, uuchome: pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inajikunja na kubaki kidonge cheusi kigumu.

Kinachotuponza ni mazoea ya kununua nguo ya kukulia. Mtoto wa miaka minne anavishwa ya miaka saba ili aivae hadi darasa la kwanza, na hiyo ndiyo nguo inayoburuta na kupepea kuliko zote. Khanga nyembamba iliyoshonwa gauni pana ni hatari ileile ya flaneli, wala usiniambie ni ya asili. Mwambie fundi ashone suruali na blauzi, mikono iishie kwenye kifundo, kiuno kisiwe na marinda, na ile nafasi ya kukulia aifiche ndani kwa pindo la vidole vitatu la kufumuliwa mwakani.