Ngoma Isiyolia

Nianze na mavazi, maana aibu ilianzia hapo. Siku ile nilivaa miwani ya kukata mng'ao wa maji, kofia yenye pazia la shingo, na shati lililochorwa samaki mkubwa kuliko yeyote niliyewahi kumshika. Mjomba alivaa kaptula. Nahodha alinikagua kutoka utosini hadi kwenye viatu, kisha akamnong'oneza mjomba, kwa ule mnong'ono unaosikika boti nzima: "Huyu anakwenda kuvua au kuposa?"

Sikumjibu. Mwenye rili mpya hajibizani na watu.

Na rili yenyewe, huo mtambo wa kuviringia mshipi wa kuvulia, jamani! Saizi 14000. Kwa asiyezijua namba hizo, rili za kuvulia samaki wadogo wa kando huwa 2500 au 4000 hivi. Ukifika 14000 huo ni mtambo wa kupambana na kolekole wakubwa na jodari: mwili wa chuma chepesi, breki (ile inayomzuia samaki asivute mshipi ovyo) ya kukaza hadi kupita kilo 20, beringi zilizozibwa maji ya chumvi yasipenye. Peke yake, bila rodi, yaani ile fimbo ya kuvulia, ina uzito unaozidi nusu kilo. Bei sitaitaja, kwa sababu mama watoto anajua kusoma.

Nilikaa nayo nyumbani wiki mbili kabla ya safari. Taarifa ya habari inasomwa, rili iko mapajani. Naizungusha spuli kwa kidole, ile ngoma ya mbele inayobeba mshipi, breki inalia krrrrr, nami nafumba macho. Mwanangu akauliza kama ni mashine ya kusagia nyama. Nikamwambia akikua ataelewa.

Ilikuja na kijitabu cha maelekezo. Nilikisoma kama tunavyosoma vijitabu vyote: picha zote, maneno machache. Kulikuwa na ukurasa uliosema mshipi wa kusuka usifungwe moja kwa moja kwenye chuma cha spuli. Eti kwanza uviringe nailoni mizunguko michache, au walau ubandike kipande cha utepe, kwa kuwa mshipi wa kusuka unateleza, haushiki chuma kama nailoni. Nikaona hayo ni ya wanaojifunza. Nikafunga fundo juu ya chuma kitupu kinachong'aa kama kioo, nikajaza mita 300 za mshipi wa ratili 80, nikaukaza sawasawa, ukalala kwa mistari mpaka nikaupiga picha.

Nilinunua pia mizani ndogo ya ndoana, ya kupimia breki. Desturi ya wavuvi ni kuiweka breki kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa ratili 80 ni kama kilo 9 hadi 12. Unafunga ncha ya mshipi kwenye mizani, mtu anavuta, spuli ikianza kuzunguka unasoma namba. Ningelifanya hivyo hata mara moja, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini mizani ilibaki kwenye pakiti yake, jirani na glavu ambazo nazo zilikuwa kwenye pakiti yake. Breki nilishaisikia kwa masikio yangu ikilia. Mizani ya nini tena?

Basi, tukaondoka alfajiri. Njia nzima nilimpa mjomba darasa.

"Mjomba, unajua rili za aina hii zilitokana na kiwanda cha nyuzi?"

"Sijui, mjomba."

"Mwingereza mmoja, Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya sufu. Mwaka 1905 akapata hataza yake. Alitazama uzi unavyochomoka kwenye kibiringo, kibiringo chenyewe kimetulia, akawaza kwamba mshipi nao unaweza kutoka hivyo hivyo."

Mjomba akaitazama rili yangu kwa muda. "Kwa hiyo umenunua kibiringo cha cherehani."

"Huu ni uhandisi, mjomba! Ukizungusha hendeli mara moja, rota, hii inayoizunguka spuli na kuuviringa mshipi, inazunguka karibu mara 6. Mzunguko mmoja unakuletea zaidi ya mita moja ya mshipi."

"Mimi nikivuta mkono mmoja, naletewa mkono mmoja," akasema, akarudi kufungua mshipi wake uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Nahodha akageukia upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani ni mitetemo ya injini.

Tulipofika kwenye mwamba nikasimama omo nikaanza kurusha popa. Hicho ni chambo bandia chenye mdomo uliochongwa kama kikombe. Ukikivuta kwa nguvu kinatema maji kwa kishindo, samaki mkubwa akidhani kuna vita juu huko, anakuja kugombea. Kwa popa huhitaji subira, unahitaji mgongo. Kufika mrusho wa ishirini, mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kujiuzulu. Mjomba tezini alikuwa amekwishapandisha changu wawili na anakunywa chai.

Ndipo maji yakapasuka.

Sikuona samaki. Niliona shimo juu ya bahari pale popa ilipokuwa, kisha rodi ikainama na mshipi ukaanza kwenda. Ukaenda. Ukaenda! Nikapiga ukelele ambao sitauelezea.

"Mkubwa! Mkubwa huyu! Kachukua mita hamsini!"

Nahodha akasimama. Hata mjomba akaweka kikombe chini. Na katika fujo yote hiyo kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo mtu mwenye akili timamu angelishtukia: breki haikulia. Mshipi unatoka kwa kasi, na rili imekaa kimya kama mkwe ukweni. Mimi nikajiambia, hiyo ndiyo tofauti ya rili za bei kubwa, zina adabu.

Samaki akapunguza mwendo. Nikainua rodi, nikaishusha huku nazungusha, kama nilivyojifunza: pandisha, shuka, zungusha. Hendeli ikazunguka bila tabu yoyote, laini, tamu.

"Anakuja!" nikatangaza.

"Anakuja wapi?" akauliza nahodha. "Mimi namwona kule anakwenda."

Nikaongeza kasi. Kwa hesabu niliyomfundisha mjomba, mizunguko mia ni zaidi ya mita mia za mshipi. Nilipiga mizunguko mia na ushee. Kwa hesabu hiyo samaki alipaswa kuwa ndani ya boti, amekaa, anasubiri chai. Kumbe mshipi wote ulikuwa unazunguka na rota, bonge zima pamoja, juu ya chuma kitupu, na hakuna hata sentimita moja iliyoingia.

Mjomba alikuja taratibu, akainamia rili kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mjomba, unasaga nini?"

"Breki imelegea kidogo tu!"

Hapo ndipo ilipoingia akili yangu ya pili, ambayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Nati ya breki iko mbele kabisa ya spuli. Ukitaka kukaza unaizungusha kama mishale ya saa, kila mtu anajua. Lakini ukiwa umeshika rodi, nati ile inatazama baharini, wewe uko nyuma yake. Saa umeishika kisogoni. Kama mishale ya saa ukiangalia kwa nyuma ni kinyume chake kwa mbele, na mimi, mkono mmoja umeshika rodi iliyopinda na mwingine unapapasa mbele ya spuli kama mtu anayetafuta swichi gizani, nilikaza kwa nguvu zangu zote kuelekea upande wa kulegeza.

"Bado," nikasema, nikaongeza mzunguko. "Bado." Nikaongeza mwingine.

Nati ikaruka. Ikagonga ubavu wa boti, ikagonga kiatu cha nahodha, ikatumbukia chubwi!

Tukatazamana watu watatu.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Yangu haikulia hata kidogo, ikachomoka. Spuli iliteleza kwenye ekseli yake, ikaruka mbele ikifuata mshipi wake, ikapanda na rodi mpaka kwenye pete ya kwanza. Pale haikupita. Pete ya rodi ni ya kupitisha mshipi, sasa spuli ya saizi 14000 ikawa inagonga hodi, ko, ko, ko, kila samaki akivuta, kama kuku anayetaka kuingia tundu la panya.

Na mimi? Nilikuwa bado nazungusha hendeli. Sina la kujitetea. Rota tupu inazunguka na waya wake, haina spuli, haina mshipi, nami nimekaza meno: pandisha, shuka, zungusha. Nahodha anasema niliendelea hivyo kwa dakika nzima. Nahodha hutia chumvi. Ilikuwa nusu dakika.

"Lete glavu," mjomba akasema.

Sikuelewa. Akachomoa mwenyewe ile pakiti kwenye mfuko wangu, akaichana kwa meno, akavaa glavu zangu mpya. Mshipi wa kusuka ni mwembamba na ukikazwa ni wembe. Hata yeye mwenye viganja vya ngozi ya kiatu hakuthubutu kuushika mikono mitupu. Akafika mbele ya ncha ya rodi, akaudaka mshipi, akakaa chini, miguu kwenye ubavu wa boti, akaanza kazi. Mkono mmoja, mkono mmoja. Samaki akitaka kwenda anamwachia kwa vidole, akichoka anamvuta. Breki yake haikuhitaji nati.

Mimi nilipewa kazi ya kushika rodi isimguse mtu.

Baada ya muda kitu cheupe kikaanza kung'aa chini ya maji, kikizunguka zunguka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi ya kupiga picha bila rili kuonekana. Mjomba akampandisha. Kolekole. Ndoana moja ya popa ilikuwa imemnasa mkiani, ndiyo maana alikuwa anavutwa kinyumenyume na kupigana kama mwenye madeni.

Nahodha akaomba ile mizani. Ndiyo, mizani ya breki. Ikatoka kwenye pakiti kwa mara ya kwanza, ikafanya kazi vizuri sana, haina kosa hata moja.

Kilo 4.

"Pima tena," nikasema.

Akapima tena. Kilo 4, na samaki alikuwa bado na maji. Kwa breki isiyokuwepo, hata dagaa angekuwa nyangumi.

Mjomba ndiye aliyenionyesha. Aliitoa spuli pale kwenye pete, akaishika kwa mkono wa kushoto, akausukuma mshipi kwa dole gumba la kulia. Bonge lote likazunguka juu ya chuma, bila kelele, kama pete kwenye kidole cha mgonjwa.

"Hapa ndipo alipokuwa anapita samaki wako," akasema. "Ngoma imesimama, nguo ndiyo inacheza."

Halafu hakusema neno lingine, jambo lililoniuma zaidi. Nahodha alisema mengine ya kutosha kwa wote wawili. Alitaka kujua kama yule Mwingereza wa viwandani naye alikuwa anavua bila nati.

Nyumbani kulikuwa na kuosha. Rili ya baharini huoshwa kwa maji baridi ya kumwagia polepole, kamwe si kwa bomba la kasi, maana kasi inaisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Na kabla ya kuosha unakaza breki, maji yasifike kwenye washa zake, vile visahani vya ndani vinavyobanana. Ikikauka unailegeza, washa zisikae zimebanwa. Yote hayo nilikwishawasomea boti nzima wakati wa kwenda. Sasa nimesimama uani na rili isiyo na nati wala spuli, nakumbuka kijitabu kilivyosema: kaza breki. Nikaze nini? Mwanangu akapita, akaitazama.

"Imeacha kusaga?"

Nati niliiagiza. Kuipata si vigumu, ukishajua namba ya rili yako wanakuletea hiyo hiyo peke yake. Ilichukua wiki tano. Ilipofika nikaenda kwa mjomba kudai spuli, kwa sababu siku ile katika kukusanya vitu boti ilipofunga, spuli ilikuwa imeondoka na yeye.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda. Mshipi wangu wa kusuka ameutoa wote, ameukunja vizuri kwenye kile kipande cha ubao, akanikabidhi kwa mikono miwili. Spuli alikuwa nayo mapajani. Ameijaza nailoni yake nene, na chubwi mpya, ile risasi ya kuzamisha mshipi, mwishoni.

"Shikamoo mjomba. Nati imefika."

"Marahaba. Hongera." Akaizungusha spuli kiganjani, mshipi ukatoka laini, bila kujikunja. "Hiki kibiringo kizuri sana, mjomba. Ungelinunua hiki peke yake tangu mwanzo."

Nikamwambia ninakihitaji. Akaniambia kiko kazini. Nikainama nikitafuta maneno ya heshima ya kudai mali yangu kwa mtu mzima, na hapo nikaona, chini kabisa ya ile nailoni, ukingo wa utepe mweusi uliobandikwa kwa unadhifu ukizunguka chuma chote.

"Umebandika utepe?"

"Kwenye kile kijitabu chako ulichokisahau kwenye boti," akasema, "kuna ukurasa."