Kichwa Kilichomeza Kichwa

Mke wangu alinionya. Nalisema hili mapema ili asije akalisema yeye kwa mara ya arubaini. Alisimama mlangoni mwa jikoni na sufuria mkononi, hana pa kukanyaga, akasema: "Baba watoto, hiyo treni yako tangu uiunde haijapiga kona hata moja."

Nikamjibu kwamba mambo ya reli hayajui, na kwamba mimi ni mjukuu wa fayamani, mchochea moto wa treni.

Tunakaa Manchester, ghorofa ya tatu, nyumba ya vyumba viwili na ushoroba mwembamba unaotoka jikoni mpaka chooni. Humo ushorobani nilikuwa nimetandika reli 30 za LEGO, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea, zote zimenyooka, karibu mita 4. Anayekwenda chooni usiku aruke. Wanangu walishazoea, lakini shemeji yangu alipokuja kututembelea alikanyaga tofali moja kwa kisigino, na maneno aliyoyasema hayaandikiki.

Treni yenyewe nilikuwa naiunda kwa ajili ya klabu. Ni klabu ya watu wazima wanaojenga treni za vitofali, wengi wao wazee wastaafu wenye vizibao vya mifuko mingi na beji kifuani. Siku ya kwanza nilijitambulisha nikasema "malego yangu". Ukumbi ukanyamaza kama nimetukana msikitini. Kumbe jina hilo kwa wenyewe halina wingi, husemwa tofali za LEGO. Nikaomba radhi, nikapewa chai na biskuti, yakaisha.

Wenzangu wote wana treni za Kiingereza. Nikaona aibu kutoka Changamwe, Mombasa, kote kule nije niunde treni ya kwenda Liverpool. Nikachagua kichwa cha treni aina ya Garratt, cha daraja la 59, yale majoka yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi enzi za babu. Na hapa ndipo penye utamu wake: vichwa hivyo vyote 34 viliundwa hapa hapa Manchester, mtaa wa Gorton, kwenye kiwanda cha Beyer Peacock, miaka ya 1955 na 1956. Chuma kilitoka huku kikaenda kwetu, nami nikatoka kwetu nikaja huku. Tulipishana tu. (Babu alipenda kutuonyesha misuli yake ya ufayamani. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba vichwa hivyo vilichoma mafuta mazito, kwa hiyo mzee hakushika koleo, alikuwa akifungulia koki.)

Miezi saba nikakesha. Rangi yake ni damu ya mzee, na tofali za rangi hiyo hazipatikani ovyo, nilikuwa naziokota moja moja kama anayechambua mchele. Ubavuni nikabandika namba 5918 na jina Mount Gelai, yule aliyestaafu sasa pale makumbusho ya reli Nairobi. Kichwa halisi kina urefu wa mita 32 hivi. Changu kilitoka sentimita 70. Ushorobani kilikwenda kama maji.

Siku ya maonyesho ikafika, Jumamosi. Meza zimepangwa ukumbi mzima, zimefunikwa kitambaa cheusi hadi chini, na kamba imezungushwa ili watazamaji wasiingize mikono. Juu ya meza kuna mji kamili: maduka, mto, handaki la tofali za kijivu, na stesheni iliyojengwa kwenye kona. Hapo stesheni palikuwa na harusi. Mke wa mwenyekiti aliijenga majira ya baridi mazima: bibi harusi na shela, bwana harusi, kasisi, bendi, keki ya ghorofa tatu, na wageni 40 wa plastiki, kila mmoja na kofia yake. Jukwaa lilijaa hata pa kuweka begi hapakuwapo.

Mwenyekiti akanipa karatasi ndogo: "Wewe chaneli ya 3." Nikashukuru, nikaitia mfukoni, nikaisahau.

Nieleze kidogo. Rimoti zetu hutumia mwanga usioonekana, kama ya televisheni, na zina chaneli nne tu. Treni mbili zikiwa chaneli moja, rimoti moja inaziamuru zote mbili. Na mwanga huo haupiti ukuta. Rimoti yangu ni ya kuzungusha: ukishaipa treni mwendo, itaendelea nao hivyo hivyo mpaka isikie amri nyingine. Nyumbani treni ilikuwa moja, nami niliiacha chaneli ya 1 kama ilivyotoka kwenye boksi.

Kamba ilikuwa imejaa watu. Mbele kabisa alisimama mzee mwenye mkongojo, akaniambia marehemu baba yake alifanya kazi Gorton. Macho yalimlenga machozi alipoiona 5918. Basi nikapandwa na mori. Badala ya kuendesha treni, nikaanza kuhutubia.

Nikawaambia kwamba bwana Herbert Garratt aliomba hataza ya kichwa hiki mwaka 1907, na kwamba akili yote ya kichwa hiki iko kwenye viungo. Boila, lile tangi la mvuke, imening'inizwa katikati, mbele yake seti moja ya magurudumu, nyuma yake seti nyingine, kila moja inajipinda kivyake. "Na kwa nini akafanya hivi?" nikauliza, nikazungusha rimoti bila kuangalia. "Ili kichwa kirefu namna hii kiweze kupita kwenye kona kali!"

Nikasikia mtoto akicheka. Nikageuka.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Reli za kona za LEGO 16 zinafanya duara, na duara hilo lina upana wa sentimita 64. Kichwa changu ni 70. Kilikuwa kinajaribu kugeuka ndani ya duara fupi kuliko chenyewe.

Magurudumu, kwa haki yake bwana Garratt, yalifuata reli vizuri kabisa. Ni tumbo. Boila haikuwa na habari ya kona, ilikata moja kwa moja juu ya jukwaa kama matatu iliyoona foleni. Ikaanza na bendi. Mpiga tarumbeta aliruka mpaka mtoni. Keki ikafuata, ghorofa moja moja. Wageni wakafagiwa safu kwa safu, polepole na kwa utulivu, maana nilikuwa nimeweka mwendo wa heshima. Bwana harusi akaanguka kifudifudi. Bibi harusi alining'inia kwa shela kwenye boila hatua chache, kisha naye akaenda.

Nikazungusha rimoti irudi sifuri. Lakini 5918 ilikuwa imeshaingia handakini, inamburuta kasisi. Huko amri haifiki. Amri ikatafuta pengine pa kwenda, ikampata mwenyekiti. Treni yake ya abiria, ya kijani, fahari ya klabu, nayo ilikuwa chaneli ya 1, ikasimama kwa utiifu wote, pale pale reli mbili zinapokatana.

"Nani kaisimamisha?" mwenyekiti akauliza.

Sikujibu. Nilikuwa natazama mdomo wa handaki.

Ilitoka na mwendo ule ule, na kasisi mbele kama bendera. Ikaigonga ya kijani ubavuni, na vitofali vikaruka kama bisi kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Ukumbi ulikaa kimya kidogo, halafu watu wakapiga makofi. Walidhani ndiyo onyesho. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Tena!" na wenzake wakaitikia.

Yule mzee wa Gorton akanikaribia taratibu na mkongojo wake. "Za kweli," akasema, "hazikuwa hivi."

Saa nzima iliyofuata wanachama wote walikuwa chini ya meza na tochi. Ukiwa mtazamaji unaona mji umetulia na nyayo za wazee zimetokeza kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa natambaa nikiokota kofia, nikakutana uso kwa uso na mke wa mwenyekiti, naye kapiga magoti, viganja vimejaa wageni.

"Kijana," akasema, "wageni wote 40 nimewapata. Bibi harusi nimempata. Kichwa chake sijakipata."

Tulikitafuta mpaka kwenye mfuko wa mashine ya kufagilia. Hakikuonekana. Maonyesho yalikuwa yaendelee Jumapili, na harusi haiwezi kuwa na bibi asiye na kichwa, kwa hiyo akachukua kilichokuwapo kwenye kopo la akiba: cha baharia, chenye ndevu nyekundu. Akamvisha shela juu yake. Jumapili nzima watu walipiga picha za bibi harusi huyo kuliko treni zote. Mimi picha sikupiga, nilikuwa nimepangiwa chai.

Wiki tatu baadaye nikapata ujasiri wa kuirudisha 5918 ushorobani. Ikawa inalia krr, krr, krr. Nikafungua seti ya magurudumu ya mbele, na katikati ya meno ya gia kichwa cha bibi harusi kikanitazama kikitabasamu, lipstiki haijatoka. Kichwa kilimeza kichwa.

Nikakifunga kwenye leso, nikakipeleka klabuni kama mtu aliyebeba mahari. Mke wa mwenyekiti akakifungua, akakitazama. Kisha akafungua sanduku lake la harusi, akamtazama bibi harusi na ndevu zake, kasimama pale ubavuni mwa mumewe.

"Mwache alivyo," akasema, akafunika sanduku. "Bwana harusi ameshamzoea."