Springfield Indians: makombe matatu na mgomo mmoja

Watetezi wa Eddie Shore, aliyekuwa mmiliki wa Springfield Indians, huanza na namba ile ile: tatu. Springfield Indians, timu ya hoki ya barafu ya Massachusetts, ilitwaa Kombe la Calder mwaka 1960, 1961 na 1962. Katika ligi ya AHL, iliyo chini ya ile kubwa ya NHL, hakuna timu nyingine iliyowahi kulibeba mara tatu mfululizo.

Tumpe haki yake. Shore, beki wa Boston aliyepata Tuzo ya Hart, ya mchezaji bora wa msimu wa NHL, mara nne, aliinunua timu mwaka 1939. Alijua kuteleza barafuni kuliko makocha wengi wa enzi zake, na wanafunzi wake kadhaa wakawa makocha. Brian Kilrea, aliyekuwemo kwenye makombe yote matatu, aliingizwa kwenye Jumba la Magwiji wa Hoki mwaka 2003 kwa kazi yake ya ukocha.

Lakini hiyo tatu ilipatikanaje? NHL ya wakati ule ilikuwa na timu sita tu, yaani ajira zipatazo 120 hivi. Mchezaji mzuri aliyekosa nafasi huko alishuka chini, na akiangukia Springfield, mkataba wake mara nyingi ulikuwa mkononi mwa Shore mwenyewe. Shore asipotaka kumwuza, basi tena. Wachezaji waliiita Siberia. Wa akiba walikaanga bisi na kubadilisha balbu za ukumbi. Makipa waliokuwa wakijiangusha ovyo walifungwa kamba mazoezini. Ukiwa na vipaji visivyo na pa kwenda, kombe si muujiza mkubwa kiasi hicho.

Bill White alikuja baada ya makombe hayo. Alicheza NHL kwa mara ya kwanza mwaka 1967, akiwa na miaka 28, na miaka mitano baadaye alikuwa beki wa Kanada dhidi ya Umoja wa Kisovyeti. Je, ni Shore aliyemwivisha, au ni Shore aliyemchelewesha? Mimi naona yote mawili, ila la pili halisemwi.

Desemba 1966 Shore aliwasimamisha wachezaji watatu bila malipo, White akiwa mmoja wao. Wenzao wakagoma, Kilrea akiwa msemaji. Walimwita Alan Eagleson, wakili kijana wa Toronto. Shore akang'atuka kwenye uendeshaji, na mwaka 1967 kikaundwa chama cha wachezaji wa NHL. (Eagleson huyo huyo alihukumiwa mwaka 1998 kwa kuwatapeli aliowatetea, na watetezi wa Shore hawachoki kulikumbusha. Wizi wake wa baadaye haugeuzi kilichokuwa kikitendeka Springfield.)

Mwaka huo wa 1967 NHL ilipanuka hadi timu 12, na Los Angeles Kings, mojawapo ya timu mpya, wakawachukua wengi wa wagomaji. Oktoba 14, 1967, goli la kwanza kabisa la Kings lilifungwa na Kilrea.