Skripti inayosubiri kujibiwa

Hivi mtu akiandika skripti (faili ya amri zinazojiendesha zenyewe) ya kusakinisha programu kwenye seva kibao za Debian au Ubuntu, aina za Linux, halafu katikati inasimama na kuuliza "Y/n" (ndiyo au hapana), anategemea nani ajibu? Unaiwasha jioni, unaenda zako kula, ukirudi imeganda: faili ya mipangilio imebadilishwa, uweke mpya au ubaki na ya zamani?

Watu watakwambia weka DEBIAN_FRONTEND=noninteractive, mpangilio wa kuzima maswali. Sawa, ila wengi wanaiandika kabla ya sudo (amri ya kuendesha kitu kama msimamizi), na sudo kwa kawaida huivua njiani. Hata ikifika salama, swali hilo la mipangilio ni la dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, nayo haiijali, inataka --force-confold, yaani ibaki na faili ya zamani. Mambo haya yapo kwenye maelezo miaka nenda rudi, lakini nani asome!

Ufuatiliaji wa hali ya seva ndiyo usiseme. Skripti inaandika "tayari" kwa kijani, kumbe poti 9100 ya node_exporter (programu inayotoa vipimo vya seva) imezibwa na fayawoli, Prometheus inayokusanya vipimo hivyo haisomi kitu. Halafu saa tisa usiku simu inalia, kisa kuna aliyetegesha tahadhari kwa df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, bila kuchuja: /snap, zinapokaa programu za snap, imejaa asilimia 100. Jamani, hiyo ni squashfs, mfumo wa faili uliobanwa, wa kusoma tu. Inazaliwa imejaa!