Mtoto Mchanga, Bembea na Jua la Machi

Kaskazi ikishakolea, ubishi ule ule hurudi katika nyumba nyingi za Mombasa: mtoto huyu wa miezi mitatu apelekwe bembeani, kwenye viwanja vya starehe vya sikukuu, pamoja na nduguze, au abaki nyumbani na nyanya yake? Miaka hii ubishi umezidi kwa sababu ya kalenda. Idi ya Fitri husogea nyuma kwa kama siku 11 kila mwaka, na sasa imeangukia kwenye kiangazi. Mwaka 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Mashamrashamra ya uwanja wa Makadara, matembezi ya kando ya bahari pale Mama Ngina, fuo za Pirates na viwanja vya michezo ya maji vya Nyali, vyote vinakutana na miezi ambayo mji huu una joto kuliko wakati mwingine wowote.

Kipimo cha mchana mwezi wa Februari na Machi hufika nyuzi 32 au 33. Anayetoka bara ataona hilo si joto la kutisha. Tatizo la pwani ni unyevu: hewa imeshiba maji, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Kisha kuna jua lenyewe. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na wiki ya pili ya Machi jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya vichwa vyetu. Saa hiyo ukuta hautoi kivuli, na mwavuli ukiinama kidogo tu mtoto yuko juani.

Wanaosema mtoto abaki hawasemi kwa woga tu. Mwili wa mtoto mchanga una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupokea joto la nje upesi. Jasho lake bado halifanyi kazi vizuri kama la mtu mzima, na hawezi kusema ana kiu wala kujisogeza kivulini. Kwa wa chini ya miezi sita hata mafuta ya kukinga jua hayashauriwi. Kinga yake ni kivuli na nguo. Na bembea zenyewe hazimhusu. Hapandi farasi wa kuzunguka wala hateremki kwenye mtelezo wa maji. Nyanya akiuliza, "Yeye anakwenda kufuata nini?" anauliza swali la haki.

Tena madhara mengi hufanywa na mapenzi. Siku ya Idi mtoto huvishwa gauni la neti lenye bitana ya nailoni, soksi, na kofia. Akilala kwenye kigari, mama humfunika leso gubigubi asipigwe na jua. Nyanyua leso hiyo baada ya robo saa uweke mkono ndani: hewa inayotoka ni kama mvuke wa sufuria ya wali, na nywele za mtoto zimemganda kwenye paji. Kitambaa kilichozuia jua kimezuia na upepo. Kigari kiwekwe mahali penye kivuli, mbele kiachwe wazi, na mtoto abaki na fulana ya pamba. Gauni la Idi livaliwe wakati wa kupiga picha, kisha livuliwe.

Hata hivyo, hoja ya kubaki nyumbani ina shimo kubwa: inachukulia kwamba nyumbani ni baridi. Nyumba ipi? Chumba cha Kisauni chini ya mabati, saa tisa mchana, umeme umekatika na pangaboi limesimama? Gorofa ya juu kabisa ambayo zege lake limepigwa na jua tangu asubuhi? Saa hiyo, chini ya mibuyu ya Mama Ngina, upepo wa bahari ukipita, mtoto huyo huyo anapumua vizuri zaidi. Haller Park kule Bamburi nako kuna kivuli cha kweli. Palikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha saruji, ndipo mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller akaanza kupanda miti, mivinje ikiwa ya kwanza kushika, na leo mtu anatembea chini ya msitu. Anayemfungia mtoto ndani akiamini amemwokoa na joto aingie kwanza chumbani humo akae naye.

Kuna na mama mwenyewe. Desturi yetu humweka mzazi ndani hadi arubaini, na mimi naiheshimu: mwili unapona, maziwa yanakaa sawa, wageni wanapungua. Lakini arubaini ina mwisho. Baada yake wako wanawake wengi ambao miezi inapita wakiwa kati ya jiko na kitanda, mume kazini, wakwe mbali. Sonona baada ya kuzaa, ile huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa wa kweli, na upweke huuchochea. Mama wa namna hiyo akiambiwa siku ya Idi kwamba wote watoke yeye abaki na mtoto, amenyimwa kitu kikubwa kuliko bembea. Na watoto wakubwa nao? Wamefunga, wameahidiwa, wamehesabu siku. Nyumba isiyo na msaidizi haiwezi kugawanyika mara mbili.

Kwangu mimi, mtoto aliyepita arubaini, mwenye afya, atoke. Ila tusichague saa kwa kufuata tiketi. Watu wa mji huu wana desturi ya zamani ya kwenda kupunga upepo, na saa yake inajulikana: baada ya alasiri. Jua limeinama, vivuli vimerefuka, wauza mihogo na viazi karai wanawasha moto, na familia zinakaa ukutani mpaka magharibi. Mtoto mchanga daima alikuwemo, begani au kwenye mbeleko. Kigeni ni ile siku nzima: kuingia uwanjani saa nne asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni kwa sababu pesa imeshalipwa.

Safari nayo ihesabiwe, kwa sababu mara nyingi ndiko joto baya lilipo. Anayetoka Likoni anasimama kwenye umati wa feri. Anayetoka Mishomoroni anakwama kwenye daraja la Nyali ndani ya matatu iliyojaa. Mwenye gari lake asimwache mtoto ndani hata kwa kununua maji tu. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda karibu nyuzi 10 ndani ya dakika kumi.

Nyanya wengi wakiona mtoto amepata joto hukimbilia kijiko cha maji. Kwa aliye chini ya miezi sita anayenyonya, Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee, hata penye joto. Maji yanamjaza tumbo, ananyonya kidogo, na yakiwa si safi anaharisha. Anywe mama, tena mengi, kisha mtoto awekwe kifuani mara nyingi zaidi. Nepi ikikaa kavu muda mrefu, utosi ukibonyea, mtoto akilegea na kukataa ziwa, matembezi yamekwisha na ni hospitali moja kwa moja. Aliye chini ya miezi mitatu joto la mwili wake likifika nyuzi 38, vivyo hivyo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Sasa, anyonyeshwe wapi? Hapo ndipo lawama huwaangukia akina mama wakati wenye viwanja wamekaa kimya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kwa wafanyakazi wake. Mteja aliyelipa kiingilio sheria hiyo haimpi cha kudai. Mei 2018 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kulalamika kwamba mkahawani alitakiwa akanyonyeshee chooni, na ukizunguka viwanja vyetu vya starehe bado utamkuta mama mwenye buibui amejibanza pembeni akitafuta sitara, mtoto amefunikwa tena leso juu ya joto lote lile. Banda la makuti lenye pazia, mabenchi mawili na feni haligharimu hata sehemu ndogo ya bei ya mtelezo mmoja wa maji.

Jingine ni hiyo tiketi ya siku nzima, ambayo humbana mwenye kipato kidogo aingie mapema na akae mpaka mwisho ili pesa yake isipotee. Siku za Idi na likizo za Desemba, wenye viwanja watoe kiingilio cha kuanzia saa kumi jioni kwa nusu ya bei, wafunge saa mbili usiku badala ya magharibi, na waitangaze saa hiyo kuwa ya familia zenye watoto wachanga. Mama wa mtoto wa miezi mitatu akiiona bei hiyo kwenye bango, hatakuwa na sababu ya kufika pale saa sita mchana.